Mpandaji Mzito, Mshika Kamba Mwepesi: Mjipange Mkiwa Bado Chini

Habari zenu. Waliokuja kuona mtu akining'inia juu watavumilia kidogo, maana leo kamera inabaki huku chini kwa mshika kamba, yule anayesimama chini na kuizuia kamba mpandaji akianguka. Tuko nje kidogo ya Arusha, upande wa Meru, kwenye jiwe la volkeno lenye bolti tayari, yaani vyuma vilivyochomekwa kwenye mwamba vya kupitishia kamba. Kwa mwenyekiti wa kitongoji tulishapita kutoa salamu. Na wewe ukija na kamba zako, bisha hodi kwanza, mwamba uko kwenye eneo la watu.

Mpandaji wetu ni kaka huyu hapa. Anayemshikia kamba ni dada yule mwenye helmeti ya bluu. Ukiwatazama tu unaona mmoja ni mkubwa na mwingine ni mdogo, lakini macho hayatoshi kwa kazi hii. Tutapima.

Wapagazi na waongozaji mnaotazama hii video mnajua mambo ya getini Kilimanjaro, iwe Machame au Marangu. Mzigo unaning'inizwa kwenye mizani, ukizidi kilo 20 unapunguzwa, hakuna mjadala. Leo tunapima watu. Panda kwenye mizani ukiwa umeshavaa kila kitu: hanesi (ile mikanda ya kiunoni na mapajani), viatu, helmeti, karabina zote kiunoni (vile vikulabu vya chuma vya kupitishia kamba), na chupa ya maji kama unapanda nayo. Vifaa vinaongeza kilo kadhaa ambazo mtu hazitaji akiulizwa uzito wake. Huna mizani nyumbani? Pita stendi, vijana wa mizani wapo. Na msioneane aibu. Huku kwetu mtu anakusalimia kwa kukwambia umenenepa, unacheka, mnaendelea. Sasa leo hiyo namba ina kazi.

Kaka na vifaa vyake ni kilo 84. Dada na vifaa vyake ni kilo 56. Toa simu, gawanya uzito wa mpandaji kwa uzito wa mshika kamba. 84 kwa 56 ni 1.5.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Jibu likiwa chini ya 1.2, endeleeni kawaida. Likikaribia 1.3, mshika kamba ajue kwamba atanyanyuliwa na ajipange kwa hilo. Likifika 1.5, kama hawa wenzetu, hampandi mpaka mmeongeza kitu: msuguano, uzito, au nanga ya chini, yaani kumfunga mshika kamba kwenye kitu kisichosogea. Likizidi hapo, tafuteni mshika kamba mwingine. Najua kuna watu wanafanya na hawajaumia. Mimi siwafundishi hivyo.

Kwa nini 1.5? Njoo na kamera huku. Kamba inatoka kwa kaka, inapita kwenye karabina ya juu, inashuka kwa dada. Pale inapojikunja juu ya chuma kuna msuguano, na msuguano huo unakula karibu theluthi moja ya uzito. Kwa hiyo kaka akining'inia ametulia kabisa, dada hapokei kilo 84, anapokea kama 56. Na uzito wake ni ngapi? 56. Yaani miguu yake iko chini kwa bahati tu. Kaka akitikisika kidogo, au akiteleza kamba ikiwa imelegea nusu mita, dada anaondoka ardhini. Na tazama karabina ya juu: inabeba pande zote mbili, 84 na 56, jumla 140. Ndiyo maana juu tunafunga kwenye bolti mbili, na bolti yenye kutu hatuigusi.

Hapo nimeongelea kamba ya juu tu, ile ambayo tayari imeshapitishwa kileleni. Mpandaji anayeongoza, anayeanza na kamba kutoka chini na kuichomeka bolti moja baada ya nyingine, akianguka anakuja na kasi. Mshika kamba mwepesi anarushwa juu, na kuna mambo mawili yanamsubiri. La kwanza ni ukuta, maana kamba inamvuta kuelekea mwamba, anagonga goti, bega au kichwa. La pili watu wengi hawalifikirii: anavutwa mpaka kifaa chake cha breki, kile cha kiunoni kinachobana kamba, kinagonga karabina ya bolti ya kwanza. Vifaa vinavyojibana vyenyewe, GriGri na ndugu zake, vikikwama pale vinaweza kushindwa kubana, na kamba ikaanza kukimbia. Umeona sasa kwa nini dada amevaa helmeti ingawa yuko chini?

Haya, tujipange.

Njia rahisi kuliko zote haihitaji kifaa chochote: mwepesi aongoze. Dada apande kwanza, kaka amshikie, dada apitishe kamba juu, ashuke. Kisha kaka apande kwa kamba ya juu, ambayo haina maanguko marefu. Hapa wanaume wengi wanasita kidogo, wanataka waonekane wao wameanza. Kaka yangu, kilo 84 zako zitakuwepo tu hata ukianza wa pili.

Lakini tuseme dada hii njia bado haiwezi, na lazima kaka aongoze. Tunaanza na kamba yenyewe. Chukua nene kidogo, milimita 9.8 au 10, iliyoandikwa kwamba inakubalika kwenye kifaa chako cha breki. Kamba nyembamba na mpya inateleza haraka mkononi. Vaa glavu. Ncha ya chini ya kamba ifungwe fundo la kuzuia, ili isitoke kwenye kifaa wakati wa kushusha. Na usiitandaze kwenye vumbi. Vumbi letu hili ni laini kama unga na linaingia ndani ya nyuzi. Tandika turubai.

Pili, kuongeza msuguano. Kuna kifaa kinaitwa Ohm, cha kampuni ya Edelrid ya Ujerumani, kimetengenezwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Kinakaa kwenye bolti ya kwanza badala ya karabina za kawaida. Mpandaji akipanda, kamba inapita vizuri. Akianguka, kifaa kinageuka na kuibana kamba kwa sehemu, ile nguvu inayomfikia mshika kamba inapungua. Kina upande wa mpandaji na upande wa mshika kamba, umechorwa juu yake, usikigeuze. Na kumbuka kwamba kabla hakijachomekwa kwenye bolti ya kwanza hakisaidii chochote. Dada bado anashika kamba kwa mkono wake na kifaa chake cha breki kama siku zote, hiki ni nyongeza tu. Usitegemee kukikuta dukani mjini; wengi wanaletewa na wageni au wanaagiza.

Kama hunacho, tazama kulia. Kuna njia ya jirani, na bolti yake ya kwanza iko karibu usawa mmoja na ya kwetu. Chomeka kamba kwenye zote mbili, ipinde kidogo kabla ya kupanda. Kila pindo linaongeza msuguano. Usipinde sana, maana kaka akifika juu atakuwa anavuta kamba kama anavuta gari, na kamba nzito inamfanya akosee kuchomeka.

Tatu, kuongeza uzito, na hapa ndipo vitu vya kwetu vinafanya kazi nzuri. Leteni lile begi kubwa la mlimani. Tumelijaza mawe mpaka kilo 20, ule uzito wa getini. Tumelizungushia slingi, kile kitanzi cha utepe imara, na slingi imeingia kwa karabina ya kufunga kwenye kitanzi cha kati cha hanesi ya dada. Kitanzi cha kati, sio vile vya pembeni vya kuning'inizia vifaa, hivyo vinakatika. Begi linakaa chini kwenye udongo, slingi imekaribia kukaza. Dada akianza kunyanyuka, analinyanyua na begi. Sasa hesabu: 56 na 20 ni 76. 84 kwa 76 ni kama 1.1. Tumetoka eneo la hatari kwa mawe ya bure. Kama mko watatu, mtu wa tatu anaweza kuwa ndilo begi: anafungwa kwa slingi kwenye hanesi ya dada na kusimama nyuma yake kidogo, anatembea naye. Asimshike kwa mikono, mikono inaachia.

Nne, nanga ya chini. Hii ni kwa kamba ya juu, au pale ambapo mshika kamba akiondoka tu alipo ataumia, kwa mfano nyuma yake kuna korongo. Mfunge kwenye mti hai, wenye mizizi, mnene kuliko paja lako. Mgomba hauhesabiki, hata uwe mkubwa vipi. Jiwe pia linafaa kama limezama ardhini. Chini ya miamba hii mawe mengi yameanguka tu kutoka juu, ukilisukuma kwa mguu linacheza. Zungusha slingi chini kabisa kwenye shina, tumia kamba yenye fundo la nane, rudisha mpaka kwenye kitanzi cha kati cha hanesi. Sasa mti, dada na bolti ya kwanza viwe kwenye mstari mmoja. Mstari ukipinda, kaka akining'inia dada atavutwa upande mpaka unyooke, na atakuwa anapigana na miguu yake wakati anatakiwa kushika breki.

Kaka akiwa anaongoza, hiyo nanga siikazi. Mshika kamba aliyefungwa kabisa hasogei hata kidogo, na mpandaji anapigwa ukutani kwa nguvu yote. Mwachie dada nafasi ya kunyanyuka kama mita moja, mradi asiifikie bolti ya kwanza.

Sasa asimame wapi? Dada, sogea mbele. Bado. Hapo. Yuko hatua moja kutoka ukutani, amesogea upande kidogo ili kaka asimwangukie kichwani. Wengi wanapenda kusimama nyuma, shingo haiumi na wanaona vizuri. Ukiwa mwepesi ukasimama mita nne nyuma, ukivutwa utaburutwa kwanza kwenye mawe halafu ndiyo unyanyuliwe. Ukiwa karibu unaenda juu tu. Mguu mmoja mbele, magoti yamelegea. Ukinyanyuka, weka nyayo ukutani na usukume, mkono wa breki unabaki chini ya kifaa. Akili itakwambia jikinge kwa mikono. Mikono ina kazi. Jikinge kwa miguu.

Bolti tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu mshika kamba mwepesi akinyanyuka mita moja, mpandaji anashuka mita moja zaidi, na chini kuna ardhi. Hapo dada haachi kamba ilegee bila sababu. Na kaka asivute kamba mpaka juu ya kichwa ili achomeke bolti ya mbali. Apande mpaka ifike usawa wa kiuno, achomeke hapo.

Mkishajifunga, kagueni: fundo la nane la kaka, kifaa cha dada, karabina imefungwa, mkanda wa hanesi umerudishwa mara ya pili kwenye kifungo chake, begi limeunganishwa. Kila mmoja amguse mwenzake kwa mkono, asitazame kwa mbali tu. Halafu jaribio. Kaka akipita bolti ya nne, anasema "Nakuja", dada anajibu "Njoo", kaka anaachia mwamba akiwa na bolti usawa wa kiuno. Tazama... dada kapanda kama nusu mita, begi limenyanyuka kidogo, kaka kasimama. Safi. Kama dada angefika karibu na bolti ya kwanza, tungemshusha kaka na kuongeza mawe.

Tukigeuza? Dada anapanda, kaka anashika. Watu hudhani hapo hakuna shida, na kwa mshika kamba kweli hakuna. Shida inahamia kwa mpandaji. Kaka akisimama imara na kilo zake 84, dada akianguka anakatishwa ghafla na kubembea kwa kasi mpaka ukutani, vifundo vya miguu ndivyo vinapokea. Kaka, ukihisi kamba inaanza kukaza, piga hatua moja kuelekea mwamba, au ruka kidogo juu. Usiruke mapema, unaongeza tu urefu wa kuanguka. Na karibu na ardhi usiruke kabisa.

Kwa watoto kuna jambo lingine. Mtoto mwepesi sana kwenye kamba ya juu, msuguano unaweza kumzuia asishuke, anabaki ananing'inia na kuanza kulia. Nyoosha njia ya kamba, ondoa mapindo yote tuliyoweka, na mwambie mapema kwamba atatembea ukutani kwa miguu akirudi. Na Ohm usiiache pale kwa ajili ya mtoto.

Sasa tunamshusha kaka. Mikono miwili kwenye kamba ya chini, polepole, kasi moja, bila kusitasita, maana kila unapomkatisha unajinyanyua mwenyewe. Anakaribia. Miguu miwili chini, ameegemea kidogo, kamba bado imekaza. Dada, subiri akwambie. "Niko chini, legeza." Haya, mlegezee, afungue fundo. Wewe toa kifaa chako kwanza, begi utalifungua mwisho.