Akiogopa Kukuambia, Saa Zinakwenda

Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Wazazi wenzangu wa Ujiji, ahsanteni kwa kuja, hasa akina baba. Najua mbalamwezi ndiyo iliyowaleta: usiku wa mwanga taa hazivuti dagaa, mitumbwi imepumzika. Siku hizi chache mlizo nyumbani ndizo ninazowaomba leo, mzungumze na watoto wenu waziwazi juu ya kubalehe na mimba.

Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13. Mama aliniambia neno moja tu: "Sasa ukiguswa na mvulana, utabeba mimba." Wiki ileile kijana wa jirani akanishika mkono kunivusha mfereji, nikakaa mwezi mzima nikijipapasa tumbo. Mama hakuwa mbaya, naye ndivyo alivyoambiwa. Ila tangu siku ile nilijua kwake hapaulizwi.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na hapo ndipo panaponiuma. Mtoto aliyeingiliwa kwa nguvu, awe binti au mvulana, akifikishwa kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita, anaweza kupewa dawa za kuzuia VVU, akazimeza siku 28. Akiwahi zaidi, ndivyo zinavyomkinga vizuri zaidi. Saa 72 ni siku tatu tu, jamani! Mtoto anayeogopa kipigo huzimaliza akitafuta pa kuficha nguo. Nimewapokea siku ya tano. Nimewapokea siku ya tisa.

Mzee mmoja kaniuliza hapo nje: kumfunda mtoto mambo haya si kazi ya shangazi na somo, yule kungwi wake? Ilikuwa, baba. Leo shangazi yuko Kasulu, somo ametangulia mbele ya haki, na mtoto yuko kwako.

Msimwite sebuleni mkamkalisha kama mshtakiwa. Mama, chambueni dagaa pamoja. Mikono ikiwa kazini, ulimi hulegea. Baba, kaa na kijana mkishona nyavu. Mweleze mimba inavyoingia, bila mafumbo. Mwambie binti kwamba inaweza kuingia hata kabla hajaona hedhi ya kwanza, maana yai hutangulia damu. Kijana naye ajue kwamba msichana akinyamaza hajakubali. Akiuliza usilolijua, sema hujui, kesho mwende zahanati wote wawili.

Na kabla mwezi haujafifia mkarudi ziwani, mwambieni hivi: "Likikupata lolote, hata kama ulikuwa nilikokukataza, njoo kwangu kwanza. Twende hospitali, maswali baadaye."

Mama pale nyuma, umenyoosha mkono tangu mwanzo. Karibu.