Zima injini kwanza

Habari za mchana, wazee kwa vijana. Mwenzenu nimeendesha watalii miaka 19, kwa hiyo msitegemee mhadhara wa profesa. Nimekuja na picha tatu na mfuko wa maharage, tuone sisi madereva tunavyoweza kumsaidia mgeni apate picha nzuri ya mnyama.

Ya kwanza ni ya nyumbani. Simba jike watano na watoto wao wamejilaza juu ya jiwe, Serengeti. Aliipiga Mmarekani Michael Nichols, na mwaka 2014 ikachukua tuzo kuu ya picha za wanyamapori kule London. Alikuwa amewafuata karibu miezi sita, mpaka gari lake kwao likawa kama kichuguu tu. Sisi je? Redio ya gari ikitaja "madoadoa ya chini," yaani duma, mara magari yamemzunguka, halafu mgeni anauliza mbona kila picha duma amemkodolea macho. Anakukodolea wewe, dereva!

Ya pili: chui milia wa mashariki ya mbali ya Urusi, amekumbatia mti, anajisugua aache harufu yake. Sergey Gorshkov, mshindi wa 2020. Mwenyewe hakuwepo. Alifunga kamera ya kutega, mnyama akipita inajifyatua, akangoja zaidi ya miezi 11. Lakini mti ule hakuuokota tu. Alizunguka msituni akitafuta manyoya, mikojo, alama za kucha kwenye magome. Sasa niambieni, hiyo si kazi yenu ya kila siku?

Ya tatu siipendi. Mbwa mwitu wa Hispania, si hawa wetu, anaruka geti usiku. Ilishinda 2009, mwaka uliofuata ikavuliwa tuzo, kwa sababu majaji waliona kuna kila dalili ni mnyama wa kukodi. Mpiga picha alikana. Tuiache.

Haya, mfuko. Maharage haya nimeyanunua asubuhi pale Soko la Kilombero. Unaulaza kwenye ukingo wa paa la gari, lenzi inazama juu yake, inatulia. Ila injini ikinguruma, maharage yenyewe yanacheza. Nilijifunza hilo kwa mama mmoja Mjerumani: picha 40 za chui juu ya mgunga, zote ukungu mtupu, kisa mimi nimeacha injini inawaka ili friji ya soda isizime. Soda zilikuwa baridi kweli.

Nani ana Land Cruiser hapo nje? Twendeni tukajaribu, ikiwaka na ikiwa imezimwa.