Karafuu ni Kali, Ngozi ya Dodoma ni Kavu
Hamjambo akina mama, na wewe baba uliyejificha pale nyuma. Karibuni.

Hiki kichupa ni mililita 10 za mafuta ya karafuu. Nimelegeza kifuniko tu, na mstari wa tatu washaanza kukunja pua. Ukali huo ni wa yujenoli. Ndiyo sehemu kubwa ya kilichomo humu. Ndiyo inayotuliza jino, na ndiyo inayounguza.

Nami niliungua. Upepo wa Julai mnaujua. Ulinipasua visigino, nikapaka karafuu tupu. Haikupita dakika, moto! Nikakimbilia ndoo ya maji. Nilikosea: maji na mafuta hayapatani. Ningechukua kitambaa chenye mafuta ya kupikia, nikafuta, ndipo ninawe kwa sabuni. Yakiingia jichoni ni maji tu, mengi, dakika 15, kisha hospitali.

Lakini kuungua siyo mzio. Kuungua huja papo hapo. Mzio unavizia: unapaka Jumatatu, Jumatano mkono unawasha na kutoa vipele, wewe unalaumu sabuni ya kufulia. Na mwili ukishaikataa yujenoli, hausahau. Usijidanganye na kipimo kidogo, acha kabisa. Mwambie na daktari wa meno, maana ziko dawa zao za kuzibia jino zenye hiyohiyo. Kwenye boksi la manukato utaikuta imeandikwa Eugenol.

Ambaye hajapata shida, achanganye. Alizeti Dodoma na Singida tunayo, tusihangaike na mafuta ya bei. Tone moja la karafuu kwenye mafuta ya alizeti yanayojaa kijiko kikubwa cha chakula. Naona mnacheka, ndiyo, moja. Jaribu kwanza mchanganyiko huo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje siku mbili. Ngozi iliyopasuka usiiguse.

Kichupa kikae juu, mbali na watoto. Kijiko cha chai kimoja kinaweza kuharibu ini la mtoto. Akinywa, usimtapishe, mbebe hospitali na kichupa chake.

Eti? Mama anauliza kama aache na pilau. Hapana mama, wengi wenye mzio wa ngozi wanakula pilau bila tabu. Midomo ikianza kuwasha, hapo sasa pika bila karafuu, wageni watavumilia.