Mkono wako kwenye kibodi

Assalam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma, na wengine wote habari za jioni. Nimepewa dakika chache niwaambie jinsi kompyuta inavyoweza kukujua kwa namna unavyoandika tu, basi naingia moja kwa moja.

Nyinyi mliokulia Mji wa Kale hapa Mombasa mwaijua sauti ya vikombe vya kahawa. Mzee muuza kahawa bado yuko kwenye kona huko, hujamuona yeye wala dele lake la kahawa, lakini ashagonga vile vikombe mkononi, na mtu aliyekaa ndani asema huyo fulani ndo anakuja, si yule wa juzi. Vikombe ni vile vile, kahawa ni ile ile, lakini mkono si mmoja. Na yule mzee hajawahi kukaa akawaza leo nigonge vipi, mkono wenyewe wajua kazi yake.

Basi na kibodi ya kompyuta ni hivo hivo. Unapoandika, mashini inaweza kupima mambo mawili tu, na kwa hayo mawili inapata mengi sana. La kwanza, kidole chako kimekaa muda gani juu ya kitufe kabla hujakiachia. La pili, umechukua muda gani kutoka kitufe hiki hadi kile kinachofuata. Tunahesabu kwa elfu za sekunde, manake kubonyeza na kuachia kwa watu wengi ni kama sehemu ya kumi ya sekunde tu, jicho halishiki lakini kompyuta inashika.

Tazameni hapa ukutani, nilimuomba huyu dada wa mbele na huyu kijana jirani yake kila mmoja aandike neno kahawa mara kumi kabla hatujaanza. Sasa neno kahawa kwenye kibodi liko hivi, k ni mkono wa kulia, a kushoto, h kulia, a kushoto, halafu w na a zote ziko kushoto. Dada amesomea taipu, vidole kumi, kwa hivo "kaha" kwake inatoka haraka kama mtu anapiga ngoma kwa mikono miwili, mkono huu ukishuka ule ushainuka. Akifika kwenye "awa" anapungua mwendo, unaona hii mistari ya vitufe ukutani inavyoachana, kwa sababu sasa mkono wa kulia hauna kazi na kidole kidogo na jirani yake wa kushoto wanahangaika peke yao. Kijana huyu yeye anaandika kwa vidole viwili, hana hiyo haraka ya mwanzo, lakini ile "awa" ambayo inamchelewesha dada kwake ni nyepesi, kidole kinaruka tu hapo hapo karibu. Herufi sita tu, neno moja lile lile, na watu wawili wameachana kabisa. Mimi hiki kitu nimekitazama miaka na bado kinanifurahisha kila nikikiona.

Si jambo jipya. Wakati wa telegrafu, ujumbe ulipotumwa kwa waya kwa nukta na mistari ya Morse, wapigaji walikuwa wanajuana kwa mpigo, mtu yuko mji mwingine huko humuoni lakini ukisikia zile nukta na mistari wamjua ni nani. Vita vya pili vya dunia, Waingereza waliokuwa wakisikiliza redio za Wajerumani walitumia hilo hilo, kikosi kikibadilisha jina la kuitana na masafa bado msikilizaji alimtambua yule mpigaji kwa mkono wake, na wakiangalia pia mawimbi yanatoka upande gani wakajua kikosi kimehamia wapi bila hata kuelewa ujumbe wenyewe unasema nini. Halafu 1980 pale RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, watafiti wakachukua makatibu 7 wakawaandikisha maandishi yale yale, wakawarudia baada ya miezi, wakakuta kila mmoja anatambulika kwa mpigo wake. Watu 7 ni wachache sana lakini mlango ulifunguliwa hapo.

Kwa nini mimi nimelishikilia jambo hili, niwaambie. Zamani nilifanya kazi kwenye ofisi moja ya klia na fowadi, ya kutoa mizigo bandarini, hapa mjini, kulikuwa na karani, dada mmoja mpole, mzuri wa kazi. Siku moja karatasi za kontena zikakutwa zimebadilishwa kwenye kompyuta, na mashini ikasema aliyebadilisha ni yeye, jina lake, paswodi yake, saa saba na dakika kadhaa mchana. Saa hiyo yeye alikuwa ameenda kula. Lakini paswodi ofisi nzima ilikuwa yaijua, imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi, na hakuna mtu alitaka kusikia habari hiyo kwa sababu mashini ishasema. Akakaa nyumbani miezi miwili bila mshahara na watoto wanataka kula. Baadaye alirudishwa, lakini jamani ile miezi miwili hakuna aliyemrudishia. Mashini haikujua ni nani aliyekaa pale kwenye kiti, ilijua neno limeandikwa sawa basi.

Hapo ndo mpigo wa vidole unapofaa. Paswodi ni ufunguo wa mlango, ukishafungua umefungua, hakuna anayekuuliza tena. Lakini mpigo unaweza kuendelea kuangalia mtu akiwa ndani anafanya kazi, kimya kimya, na yule aliyekuja kukaa kwenye kiti cha mwenzake saa ya chakula baada ya mistari kadhaa mashini inaanza kusema huyu simjui. Na haihitaji kununua kifaa, kibodi ushanayo.

Sasa nisiwauzie mbuzi kwenye gunia, manake kuna watu watakuja na programu zao waseme hii haikosei kamwe. Inakosea. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwakalisha watu 51, kila mmoja akaandika paswodi moja ile ile mara 400, halafu wakashindanisha njia 14 za kutambua mpigo. Ile iliyoshinda zote ilikosea karibu asilimia 9.6, yaani ukiweka kipimo pale katikati, karibu mara moja katika kumi inamfukuza mwenyewe na karibu mara moja katika kumi inamkaribisha mwizi. Ofisi ya watu 50, asubuhi moja, watano wamefungiwa nje. Na kiwango cha Ulaya cha milango ya usalama cha wakati huo kilitaka mwizi asipite zaidi ya asilimia 0.001. Mwaona umbali uliopo hapo.

Na mkono wenyewe unabadilika jamani. Umekatwa kidole na kisu jikoni, ushakuwa mtu mwingine. Mwezi wa Ramadhani saa kumi na moja jioni mimi siandiki kama saa mbili asubuhi. Mama mwenye hina mbichi mkononi mwambie aandike uone. Umetoka laptopu ya ofisi ukaenda kibodi ya saiba yenye vitufe vizito, mpigo ni mwingine. Kwa hivo mimi nasema na nitaendelea kusema, huu mpigo usiwe hakimu. Mashini ikishuku, itume namba kwenye simu ya mwenyewe aiingize, ama imuite msimamizi aje aangalie kwa macho. Isimfunge mtu, na isipelekwe kwa meneja kama ushahidi wa kumfukuzia mtu kazi, maana tutamtoa yule dada kwenye shimo moja tumtumbukize kwenye lingine.

Kuna na upande wa pili ambao wengi hawaufikirii. Mpigo huo huo unaokulinda unaweza kukuvujisha. 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba hata maandishi yakiwa yamefichwa kwa SSH, ile njia ya siri ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kila kitufe kilikuwa kinatumwa peke yake mara tu unapokibonyeza, basi anayesikiliza njiani hasomi herufi lakini anaona nafasi baina ya kitufe na kitufe, na kwa hizo nafasi kazi ya kubahatisha paswodi inakuwa nyepesi kama mara 50. Kama mtu aliye nje ya mlango, hakuoni lakini anakusikia ukihesabu.

Mama pale nyuma ameinua mkono... eeh, ameuliza, mikono ikianza kutetemeka kwa uzee ama ugonjwa, mashini itajua? Mama, swali lako ndo lile nilikuwa nalitafutia njia. Itajua, na huenda ikajua kabla yako. 2016 kuna utafiti wa watu wa chuo cha MIT, Marekani, na wenzao, waliangalia tu muda wa vidole kukaa kwenye vitufe, wakaweza kutenganisha watu walio kwenye hatua za mwanzo za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na wasio nao. Kwa daktari hiyo ni neema kubwa. Lakini kama ni mwajiri wako ndo ameweka mpigo wako kwenye sava yake, basi ana habari za mwili wako ambazo hukumpa. Na paswodi ikiibwa utabadilisha jioni hiyo hiyo, mkono utaubadilisha na upi?

Kwa hivo mama, sheria iko. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inapotaja data za baiometriki, yaani zile za mwili wako zinazokutambulisha, haikuishia kwenye alama za vidole na sauti, imeweka na za tabia, na mpigo wako ni tabia. Una haki ya kuambiwa inatumika vipi, kuiona, kuikataa. Usiende kwa mdomo, andika barua, sema nataka kujua kama mnarekodi ninavyoandika, mnaweka wapi, na nani anaangalia, halafu baki na kopi yako iliyogongwa muhuri. Nimekuja na mfano wa barua hiyo kwa Kiswahili, ziko pale mezani karibu na mlango, chukueni na za majirani.