Jinsi ya kupima afya ya kijito kwa wadudu wa majini

Habari zenu, karibuni mtoni. Hapa ni kwenye miteremko ya Uluguru, juu kidogo ya mji wa Morogoro. Maji haya mnayoyaona yanakatiza mjini, yanaingia Mto Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kwa hiyo hata wewe unayetazama ukiwa Ubungo, yanakuhusu.

Leo tunapima hali ya kijito bila maabara. Njia yenyewe inaitwa miniSASS, imetoka Afrika Kusini. Wataalamu wetu Tanzania wana kipimo chao, TARISS, ila kile kinataka umjue mdudu mpaka familia yake. Hiki cha leo kina makundi 13 tu ya wadudu, kila kundi na alama yake, na watoto wa shule wanakiweza.

Kwa nini wadudu? Ukichota maji kwenye chupa ukayapima, umepata habari ya saa ileile. Mtu akiosha bomba la dawa ya nyanya mtoni usiku, asubuhi yale maji yameshapita. Lakini mdudu aliyekaa chini ya jiwe miezi kadhaa, yaliyompata yamempata. Asipokuwepo mahali anapostahili kuwepo, kuna jambo.

Ila niseme mapema, kwa sababu swali hili haliishi: kipimo hiki hakikwambii kama maji yanafaa kunywa. Kijito kinaweza kuwa na wadudu wote wazuri na bado kikakuharisha. Maji ya kunywa chemsha.

Vifaa ni vichache. Kichujio cha jikoni chenye matundu madogo, ukifunge kwenye mti mrefu kama huu. Sinia au beseni jeupe. Jeupe kweli, maana kwenye la bluu hutaona kitu. Kijiko cha plastiki, kalamu, karatasi. Halafu gambuti na glavu. Hizi si za urembo, konokono wa kichocho wapo kwenye mito yetu mingi. Usiende peke yako, na kama huko kwenu mto una mamba au viboko, tafuta kijito kingine.

Chagua sehemu maji yanapotembea. Bwawani na kwenye kinamasi kipimo hiki hakifanyi kazi. Na usije siku mbili baada ya mvua kubwa, mafuriko yanakuwa yamewafagia wadudu wote na mto utaonekana mbaya bila kosa lake. Kiangazi ndio wakati wake.

Haya, tuingie. Simama, kichujio kiwe upande maji yanakoelekea, mbele ya miguu yako. Sasa vuruga mawe kwa kisigino, hivi. Wanaong'oka wanabebwa na maji moja kwa moja mpaka kwenye kichujio. Inua na jiwe mojamoja ulisugue kwa vidole, wengine wamejibana huko chini. Kisha nenda kwenye majani ya pembeni ukwangue, pitia na mchanga. Dakika tano zinatosha. Wengi wanaishia kwenye mawe tu, wanamkosa kereng'ende anayejificha kwenye majani.

Mwaga kwenye sinia lenye maji kidogo, halafu tulia. Usichokonoe. Baada ya dakika moja takataka zinatulia, na chochote kinachotembea unakiona.

Sogeza kamera hapa. Huyu mwenye mikia miwili, na kucha mbili kwenye kila mguu, ndiye tunayemtafuta. Hukaa chini ya mawe, kwenye maji baridi yenye hewa nyingi, na uchafu hauvumilii. Kundi lake, kwa Kiingereza stonefly, lina alama 17, hakuna linalolifikia.

Huyu je? Mikia mitatu, na pembeni mwa tumbo ana matamvua yanayopepea, ndiyo anayopumulia. Kundi lake, kwa Kiingereza mayfly, lina alama 11. Lakini angalia, ana ndugu yake mwembamba mwenye kichwa kidogo, anayechomoka majini kama kisamaki. Huyo mpe 5 tu, kwa sababu anastahimili zaidi. Hapa ndipo watu wengi wanapojipa alama za bure, kwa hiyo ukiwa na shaka mtazame anavyoogelea.

Hiki kinachofanana na kijiti, kiguse. Kimetoa miguu! Ni lava, yaani mtoto wa mdudu, wa kundi liitwalo caddisfly kwa Kiingereza, aliyejijengea kifuko cha mchanga na vijiti. Wapo pia wasio na kifuko, wana ndoano mbili mkiani. Wote alama 9.

Mtoto wa kereng'ende mnene, 6. Yule mwembamba mwenye vijani vitatu mkiani, 4. Kaa na kamba, 6. Mbawakawa na kunguni wa majini, 5. Konokono 4, minyoo bapa 3. Chini kabisa, kwa alama 2, wapo minyoo wa kawaida, ruba, na lava wa nzi na mbu wasio na miguu. Ukiona lava wekundu wamejaa sinia zima, jua hewa ni haba kwenye maji hayo. Wekundu ule unatokana na damu yao, inayowasaidia kuinasa hewa kidogo iliyopo.

Kila kundi linahesabiwa mara moja, uwe umepata mmoja au mia. Jumlisha alama, gawa kwa idadi ya makundi. Tuseme huku juu tumepata 17, 11, 9, 6 ya kaa, 6 ya kereng'ende na 5: jumla 54, gawa kwa makundi sita, wastani 9. Ukizidi 7.9 mto bado ni wa asili. Tuseme chini ya daraja, mjini, wamebaki minyoo, ruba, lava wa nzi, konokono na yule kisamaki: 15 gawa kwa tano, wastani 3. Ukishuka chini ya 4.8 umeharibika vibaya. Viwango vya katikati vinatofautiana kati ya mto wa mawe na wa mchanga, fuata kadi ya miniSASS.

Pima sehemu mbili siku hiyohiyo, juu na chini ya pale unapopashuku. Namba moja peke yake haikupi hoja ya maana. Mbili zikiachana hivyo, una la kupeleka kwenye jumuiya ya watumia maji au Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Andika tarehe, mahali, na ulichokiona ukingoni: mashamba, mfereji, dampo.

Wadudu warudishe palepale ulipowatoa. Suuza kichujio na gambuti kabla ya kwenda kijito kingine, nawa mikono kwa sabuni, na kiangazi kijacho rudi kwenye mawe yaleyale.