Bahasha Mbili: Wasikilizaji wa Muziki na Haki za Mlaji

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jinsi watu wanaogawana mafaili ya muziki kwenye intaneti wanavyoweza kujipanga na kutetea haki zao kama walaji. Naona wengine mmeshakunja uso: kumbe na wezi nao wana haki? Nivumilieni kidogo. Nitaanza na hundi.

Mwanzoni mwa mwaka 2004, watu wapatao milioni tatu na nusu nchini Marekani walitumiwa kwa posta hundi ya dola 13.86. Chanzo chake kilikuwa bei za CD. Kampuni kubwa za muziki zilikuwa zimewabana wenye maduka: ukitangaza CD chini ya bei tuliyoipanga sisi, fedha zetu za kukuchangia matangazo huzioni. Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilipoliingilia suala hilo mwaka 2000, ilikadiria kwamba wanunuzi walikuwa wamelipishwa ziada inayoweza kufika dola milioni 480 katika miaka michache. Wanasheria wakuu wa majimbo wakaenda mahakamani, na mwaka 2002 kampuni zikakubali kutoa dola milioni 67.4 taslimu na CD zenye thamani ya dola milioni 75.7 za kugawiwa maktaba na shule. Kosa hazikulikiri. (Hizo CD nazo zilikuwa kichekesho. Maktaba zilijikuta na marundo ya nakala za albamu ileile iliyododa sokoni.)

Sasa rudini nyuma miezi michache tu. Tarehe 8 Septemba 2003, RIAA, ambacho ndicho chama cha kampuni hizohizo, kiliwashtaki watu binafsi 261 kwa siku moja kwa kugawana nyimbo mtandaoni. Mmoja wao alikuwa binti wa miaka 12 wa New York. Mama yake alimaliza shauri kwa kulipa dola 2,000. Hakuna kilichozuia mtu mmoja kupata bahasha zote mbili, hundi na barua ya madai. Katika ya kwanza ni mlaji aliyedhulumiwa, katika ya pili ni mdaiwa. Ni mtu yuleyule, anasikiliza muziki uleule. Kwenye hundi alikuwa na wanasheria wakuu wa majimbo nyuma yake. Kwenye barua ya madai hakuwa na mtu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na nitakaa hapo kwa muda.

Tuiangalie hiyo barua ilivyofanya kazi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inamruhusu mdai kuomba fidia isiyohitaji kuthibitisha hasara: kuanzia dola 750 kwa kila wimbo hadi 150,000 ikionekana ulifanya makusudi. Mtu mwenye nyimbo mia nane kwenye kompyuta yake akipiga hesabu hiyo, usingizi unakata. Halafu anaambiwa: lakini ukilipa elfu tatu, elfu nne hivi, tunayamaliza. Anampigia wakili, anaambiwa kujitetea tu, hata akishinda, kutamgharimu zaidi ya hapo. Analipa. Hapo hakuna jaji aliyesikiliza lolote. Hakuna aliyeuliza kama aliyekuwa kwenye kibodi ni yeye, mwanawe au mgeni aliyelala sebuleni, maana anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, inaonyesha akaunti iliyotumika, haimwonyeshi mtu aliyeketi. Bei ya suluhu ilipangwa chini ya gharama za wakili, na mpango mzima ulitegemea kila aliyepata barua aifungue akiwa peke yake.

Waliokataa kulipa waliona moto. Mwanamke mmoja wa Minnesota alipelekwa mahakamani kwa nyimbo 24. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama lilimtwisha dola 222,000. Kesi ikarudiwa mwaka 2009, ikawa dola 1,920,000. Baada ya kupanda na kushuka, mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikairudisha kwenye 222,000. Kwa nyimbo 24, jamani. Hata anayeamini kwa moyo wote kwamba yule mama alikosea anapaswa kuuliza ni kipimo gani kilichotumika.

Na kila mahali alipotokea mtu wa kusimama kati, mambo yalibadilika. Kampuni ya simu ya Verizon ilikataa kutoa majina ya wateja wake kwa hati zilizotolewa na karani wa mahakama bila kesi kufunguliwa, na Desemba 2003 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema Verizon ina haki. Tangu hapo ilibidi kesi ifunguliwe kwanza ndipo jina litafutwe. Mwaka 2007 RIAA ilianza kupeleka barua vyuoni ili wanafunzi wafikishiwe, zikiwa na punguzo kwa atakayelipa ndani ya siku 20, kama vile ni ofa ya sikukuu. Vyuo vingi vilizifikisha bila maswali. Jimbo la Oregon halikufanya hivyo: mwanasheria mkuu wake aliingia mahakamani kwa niaba ya chuo kikuu cha jimbo kupinga hati ya kudai majina. Kufikia mwisho wa 2008, baada ya kuwashtaki au kuwatisha makumi ya maelfu ya watu, RIAA ilitangaza kwamba inaachana na kesi za kuwashtaki watu kwa wingi.

Mtaniuliza: kama kuungana kunasaidia hivyo, mbona hawakuungana? Kuna ugumu ambao vyama vingine vya walaji havina. Mtu aliyeuziwa friji bovu anaweza kusimama barabarani akapiga kelele. Huyu wetu, akiweka sahihi kwenye waraka wa malalamiko, ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe. Usalama wake uko katika kutojulikana, na chama ni mahali pa kujulikana. Wengi waliojaribu kuwakusanya walijikwaa hapo. Walianzisha mifuko ya kuwachangia walioshtakiwa, jambo jema, lakini uanachama ukawa kama kukiri.

Kosa la pili ni la kaulimbiu. "Muziki uwe bure." Samahani kwa wanaoipenda, mimi naiona ndiyo iliyowagharimu zaidi. Iliwapa wapinzani hoja mkononi, ikawafukuza wanamuziki ambao wangekuwa washirika wa asili, na ikafunika malalamiko halali kabisa ya watu waliokuwa tayari kulipa.

Ufaransa walilijaribu kwa akili zaidi. Kulikuwa na chama kidogo cha vijana, Audionautes, kilichowasaidia walioshtakiwa. Kilikaa meza moja na UFC-Que Choisir, chama kikongwe cha walaji, na mashirika ya wasanii Adami na Spedidam. Pendekezo lao lilikuwa rahisi kueleza: anayetaka kugawana mafaili alipe ada kila mwezi juu ya bili ya intaneti, fedha ziende kwa wasanii, naye aachwe kwa amani. Usiku wa tarehe 21 Desemba 2005, bungeni pakiwa na wabunge wachache, marekebisho hayo yalipita kwa kura 30 dhidi ya 28. Serikali ilipigwa na butwaa. Miezi mitatu baadaye yalikuwa yameshaondolewa, kwa hiyo msidhani nawasimulia ushindi. Ninachowaonyesha ni kwamba kikundi cha vijana waliokuwa wakiitwa maharamia kiliifikisha hoja yake kwenye kura ya bunge kwa sababu kiliingia na wasanii pembeni na kikiwa na bei mkononi.

Upande wa wanunuzi kuna mifano iliyo wazi zaidi, na ndiyo ninayoiona kuwa mlango wa kuingilia. Oktoba 2005 iligundulika kwamba CD za kampuni ya muziki ya Sony BMG zilikuwa zikiingiza kwenye kompyuta ya mnunuzi programu iliyojificha, iliyoacha upenyo kwa virusi. Aliyepata madhara hayo ni yule aliyekwenda dukani akalipa. Aliyepakua wimbo uleule bila kulipa hakuguswa. Electronic Frontier Foundation, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, na mawakili wengine walifungua kesi ya pamoja, jimbo la Texas likafungua yake, na kampuni ikaziondoa CD hizo sokoni na kuwafidia wanunuzi. Norway nako, mwaka 2006 Baraza la Walaji lilipeleka malalamiko dhidi ya masharti ya iTunes, duka la muziki la kampuni ya Apple kwenye intaneti: nyimbo zilizouzwa zilikuwa na kufuli ya kidijitali iliyozuia kuzicheza kwenye vifaa vingine, na muuzaji alijipa haki ya kubadili masharti baada ya kuchukua fedha yako. Nchi jirani zikaunga mkono. Mwaka 2009 Apple ilitangaza kuuza nyimbo zake bila kufuli. Sisemi ni Norway peke yake, maana hata kampuni za muziki zilikuwa zimeanza kuzichoka kufuli hizo. Lakini shinikizo lilikuwapo, tena la watu wenye risiti.

Risiti haimtii mtu hatiani. Kwa hiyo chama cha wasikilizaji kikianza kwa kuwakusanya wenye malalamiko ya ununuzi, mwanachama anaweza kutaja jina lake mchana kweupe, na hakuna haja ya kumuuliza mwingine ana nini kwenye diski yake. Chama kikishakuwa na wakili, simu inayopokelewa na sauti mbele ya vyombo vya habari, atakayepata barua ya madai kesho atakuwa na pa kuipeleka.

Na malalamiko hayajaisha. Aprili 2008 Microsoft iliwaarifu waliowahi kununua nyimbo MSN Music, duka lake la muziki mtandaoni, kwamba kuanzia mwisho wa Agosti haitatoa tena funguo za kuzicheza kwenye kompyuta mpya. Kelele zilipopigwa, muda ukasogezwa hadi 2011. Waliokuwa wametii sheria kwa kila wimbo ndio walioambiwa kwamba muziki wao una siku ya kufa. Sharti la namna hiyo, kwamba muuzaji anaweza kukizima ulichonunua, bado limo kwenye mikataba ambayo sisi hubofya "nakubali" bila kusoma.

Mkutano wa kwanza wa chama ukiitishwa, ningependa sharti hilo liwe ajenda namba moja, na namba mbili iwe wakili: nani, kwa malipo gani, anapatikana saa ngapi. Wasanii waalikwe tangu siku hiyo, wasingoje kuitwa kupamba. Suala la muziki wa bure likiletwa, mwenyekiti aliweke kwenye mengineyo.

Karibuni kwa maswali.