Mwajuma ana kosa gani?

KASSIMU: Leo tuanze bila salamu ndefu. Nakutajia jina, wewe unaniambia kinachokujia kichwani. Mwajuma.

REHEMA: Ndala Ndefu.

KASSIMU: Hata hujapumua!

REHEMA: Sasa nifanyeje? Hilo limeshakuwa jina lake la pili. Mtanzania gani anashinda kwenye simu halafu hamjui Mwajuma Ndala Ndefu? Kanga kifuani, ndoo mkononi, yuko bombani anasimulia yaliyotokea nyumba ya tatu. Hajawahi kuzaliwa, NIDA wa vitambulisho vya taifa hawamjui, lakini umaarufu wake wabunge wengi hawaupati.

KASSIMU: Basi wasikilizaji, ndiyo mada ya leo. Nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaitwa Mwajuma. Ofisi yake iko Posta, kazi nzuri tu ya mahesabu. Siku moja simu yake ya mkononi haipatikani, nikapiga ya mapokezi, nikaomba kuongea na Mwajuma. Naambiwa, "Samahani kaka, hapa hatuna Mwajuma."

REHEMA: Ameacha kazi?

KASSIMU: Aache kazi wapi! Yuko meza ya tatu kutoka mlangoni. Anaitwa MJ. Kwenye barua pepe anaandika M. Juma. Akienda Tanga kwao ndiyo unasikia jina linavutwa mpaka chooni: "Mwajumaaa!" Naye anaitika, "Abee!"

REHEMA: Maskini MJ. Ngoja niseme jambo moja haraka, maana kuna watakaouliza. Mwajuma ni mtoto wa kike wa Ijumaa, kama Mwanahamisi alivyo wa Alhamisi na Mwanaidi wa sikukuu. Wengine wanasema Mwanajuma, ni yule yule. Na siyo lazima uwe umezaliwa Ijumaa, mara nyingi ni jina la bibi linarudi kwa mjukuu.

KASSIMU: Na siyo sisi peke yetu. Ghana kule kwa Waakan, mtoto wa kiume wa Ijumaa ni Kofi. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938. Wa kike ni Afia, au Efua kwa Wafante.

REHEMA: Umeona? Kofi akafika mpaka Umoja wa Mataifa na hakuna aliyemcheka. Lakini twende hapa nyumbani. Wa kiume wetu wa Ijumaa ni nani?

KASSIMU: Juma.

REHEMA: Juma! "Juma ana machungwa kumi, akampa Asha matatu." Tumesoma hesabu kwa machungwa ya Juma. Juma ndiye mtoto mwema wa kila kitabu, anafagia uwanja, anawahi namba. Nje ya vitabu, Juma Kaseja amekaa golini Simba, Yanga na timu ya taifa. Juma Nature ameimba, Temeke yote ikaitikia. Jux naye ni Juma. Kwa nini Juma na Mwajuma, watu wa siku moja, mmoja amepewa machungwa na mwingine amepewa ndala?

KASSIMU: Hapo mimi nakupinga kidogo, dada Rehema. Utani ni utani. Kila jina lina lake, hata mimi shuleni nimetaniwa mpaka basi. Na huyo Mwajuma wa mitandaoni wanaomsambaza zaidi ni wanawake wenyewe.

REHEMA: Sikatai. Mimi mwenyewe nimejibu Ndala Ndefu kabla hujamaliza kuuliza. Ila tazama utani unaelekea wapi. Unamcheka Mwajuma kwa nini? Kwa sababu anakaa uswahilini, amevaa ndala, hana ng'ambo ya kwenda. Jina ni kisingizio tu. Washa filamu zetu hizi za Kibongo uangalie binti wa kazi anaitwaje, halafu angalia mke wa tajiri mwenye gari jeupe anaitwaje.

KASSIMU: Vanessa.

REHEMA: Vanessa! Au Careen. Mwajuma anapika, anasengenya, anatoka. Hapewi hata mstari wa kulia.

KASSIMU: Lakini yuko Mwajuma mmoja kwenye kitabu ambaye hakuja kupika. Waliosoma kidato cha tano na sita wanamjua. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi.

REHEMA: Hapo umegusa penyewe. Kitabu kimetoka 1999, lakini kisa chenyewe ni cha Zanzibar wakati wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, mdogo kabisa, ameozwa kwa Bwana Raza ambaye angeweza kuwa baba yake na zaidi. Anamkimbia. Anarudi kwa watu wake, wanamfungia mlango, ameleta aibu. Sasa mtoto wa watu anakwenda wapi?

KASSIMU: Ng'ambo, kwa Mwajuma.

REHEMA: Kwa Mwajuma! Na Ng'ambo ya wakati ule siyo Mji Mkongwe wa watalii. Ni upande wa pili wa mkondo wa maji, nyumba za udongo, watu wasio na majina makubwa. Mwajuma hana kitu. Chumba chake chenyewe ni cha kubanana. Lakini hamuulizi Yasmin atakaa siku ngapi. Na ninachompendea mwandishi, hakumfanya Mwajuma kuwa malaika. Ni mtu wa ngoma, mtu wa starehe zake, anapenda anachopenda, ulimi anao. Majirani wangeweza kabisa kumwita Ndala Ndefu. Lakini wenye heshima zao ndio waliofunga milango, na yeye ndiye aliyefungua.

KASSIMU: Kwenye filamu je?

REHEMA: Filamu ya Amil Shivji, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Mwajuma kachezwa na Siti Amina, yule mwimbaji wa Siti and the Band. Mimi nilikwenda kuangalia mapenzi ya Yasmin na Denge kama watu wote. Nikatoka nimebaki na Mwajuma. Akiingia tu, nyumba inachangamka.

KASSIMU: Na aliyemcheza anaitwa Siti. Nadhani unajua ninakotaka kwenda.

REHEMA: Kwa Siti mwenyewe, nenda.

KASSIMU: Siti binti Saad. Kazaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880 hivi, kwa wazazi walioonja utumwa. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

REHEMA: Mtoto mchanga, unamwita Mtumwa.

KASSIMU: Alikuwa akifinyanga vyungu na mama yake, anavitembeza kuuza huku anaimba. Kaja mjini, kaingia kwenye taarabu, ambayo wakati huo ilikuwa ya majumba ya wakubwa na ikiimbwa Kiarabu. Yeye akaimba Kiswahili. Mwaka 1928 akapanda meli mpaka Bombay na wenzake wakarekodi santuri. Hapo jina la Mtumwa limeshazikwa, ni Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Mtu wa chini amepanda kwa sauti na jina likapanda naye.

REHEMA: Lakini hawakumwacha apande kimya kimya.

KASSIMU: Hata kidogo. Walimtungia wimbo wa kumkejeli, kwamba huyu Siti kawa mtu lini, si alikuja mjini na kaniki? Kama si sauti angekula nini?

REHEMA: Umesikia hiyo? Kaniki! Kwa wasioijua, kaniki ni ile nguo nyeusi ya bei ya chini, vazi la shamba na la watumwa. Sasa weka kaniki ya Siti kando ya ndala za Mwajuma. Karibu miaka mia imepita na sisi bado tunamvamia mwanamke miguuni. Hatusemi kaimba vibaya, tunasema kavaa nini. Naye Siti akawajibu kwa wimbo, kwamba hoja siyo sura wala ukoo, hasara ya mtu ni kukosa akili.

KASSIMU: Kwa hiyo ushauri ni kubadilisha jina? Maana wasanii wa leo ndivyo wanavyofanya. Zuchu ni Zuhura. Shilole ni Zuwena. Nandy ni Faustina.

REHEMA: Majina ya kazi siyagombi, hata Bi Kidude alikuwa Fatuma binti Baraka. Ila linganisha. Siti aliliacha jina la utumwa, jina ambalo halikuwa na heshima tangu mwanzo. Mwajuma anaacha jina zuri kwa sababu sisi tumelichafua. Kumbuka "mwana" pwani ya kaskazini, Lamu, Pate, Siyu, ilikuwa ni ya kumtukuzia mwanamke. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima ule utenzi wa wasia mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Na Mombasa wakisimulia mji wao ulivyoanza wanamtaja Mwana Mkisi, malkia.

KASSIMU: Kwa hiyo dada yangu MJ anakimbia jina la malkia.

REHEMA: Usimcheke, anajua anachokimbia. Hebu jiweke kwenye viti vya kungojea, ofisi yoyote, watu arobaini. Karani anaita, "Vanessa!" Anasimama mtu, anakwenda. Karani anaita, "Mwajuma!" Kijana mmoja kwenye kona anasema chini chini, "Ndala ndefu," benchi zima linapiga cheko. Na yeye ndiyo anatembea sasa, kutoka kiti chake mpaka dirishani, watu wanamwangalia miguu. Hata kama amevaa viatu vya laki tatu.

KASSIMU: Wewe! Hiyo umeiona?

REHEMA: Nimeiona. Na dada wa watu alikuwa na viatu vizuri kuliko vyangu.

KASSIMU: Lakini wapo wanaotembea na majina yao. Kwenye taarabu, Mwanahawa Ali amekaa jukwaani miaka na miaka kwa Mwanahawa yake ile ile. Kwenye mpira, Mwanahamisi Omari wa Twiga Stars, wale waliomwita Gaucho walimwongezea tu, Mwanahamisi hakulificha.

REHEMA: Taarabu ina adabu hiyo, jina linatajwa lote mpaka la baba. Na ukitoka hapa ukaenda Ujiji, ukavuka mpaka Buyenzi kule Bujumbura, ukaingia Kasongo kule Kongo, majina haya ya siku na ya sikukuu bado yanaitwa bila mtu kucheka. Huu ugonjwa nadhani ni wetu sisi wa Dar na simu zetu.

KASSIMU: Sawa, sasa dawa. Mimi ningekuwa naandika tamthilia, ningemfanya Mwajuma daktari bingwa. Koti jeupe, gari, kila kitu.

REHEMA: Mimi sitaki.

KASSIMU: Hee! Si ndiyo umelalamika saa nzima?

REHEMA: Ukimvua ndala ili tumheshimu, umekubaliana na wale wanaomcheka. Mwache uswahilini, mwache na ulimi wake, mwache na ndoo. Mpe kisa. Mpe mtu wa kumpenda, mpe deni, mpe uamuzi mgumu saa nane za usiku. Shafi hakumhamishia Mwajuma Mji Mkongwe ili tumpende.

KASSIMU: Hapo nimekosa la kusema. Basi swali la mwisho, na ujibu kama mama. Mtoto wako wa kike angezaliwa Ijumaa, ungemwita Mwajuma?

REHEMA: Kusema kweli jina nisingelichagua mimi. Mtoto wa kwanza wa kike kwetu anachukua jina la mama mkwe, nami napenda amani ndani ya nyumba.

KASSIMU: Na mama mkwe anaitwa nani?

REHEMA: Mwanahamisi.

KASSIMU: Aa! Basi ukishikwa na uchungu Ijumaa, wewe na daktari mna kazi ya kuirudisha kalenda nyuma.